Kabla Hujahama Kampuni, Uliza Walifanya Nini Mwaka 2020

(Hotuba kwa marubani na familia zao, Arusha)

Wazazi wetu mlioketi hapo mbele, shikamooni. Marubani, na wake zenu na waume zenu mliokuja nao, habari za jioni.

Nawashukuru walioandaa mkutano huu kwa kuniita Arusha mwezi wa Mei. Najua kwa nini wamechagua Mei. Masika yamekolea, wageni wamepungua, kambi nyingi za mbugani zimefungwa, na ndege ndogo kadhaa za Caravan, zile za injini moja, zimeegeshwa pale Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha, zikisubiri Juni. Marubani mna nafasi ya kukaa chini. Na ni mwezi huuhuu ambao simu za kampuni nyingine huwa tamu kuliko miezi yote ya mwaka, kwa sababu saa za kuruka zimepungua na posho zimepungua nazo.

Nimeombwa nizungumze juu ya rubani mwenye kazi yake ambaye amepata barua ya kampuni nyingine: aende au abaki? Nitasema nilichonacho bila kuzunguka. Wengi wetu tukipata barua kama hiyo tunaanza kwa kulinganisha mishahara. Naomba muanze mahali pengine. Jiulize: siku mambo yakiharibika kule ninakokwenda, nitakuwa wa ngapi kati ya watakaotolewa, na nitatoka na nini mkononi? Mshahara ulioandikwa kwenye barua ni wa siku njema. Siku mbaya katika kazi yetu hazina barua.

Tuangalie kwetu kwanza. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuruka mwaka 1946. Lilikuwa fahari ya nchi tatu, makao yake Nairobi, na rubani aliyeajiriwa mle miaka ya mwanzo ya sabini hakuwa na sababu ya kukosa usingizi. Mapema 1977 likasimama. Kenya ikaanzisha Kenya Airways, sisi mwezi Machi mwaka huohuo tukaanzisha Air Tanzania, na Uganda nayo ikawa na la kwake, ambalo lilifungwa 2001 na kurudi angani 2019. Fikirieni rubani wa Uganda aliyekuwa na miaka 35 mwaka 2001. Shirika lake liliporudi, alikuwa na miaka 53.

Njooni karibu zaidi. Novemba 2012 fastjet, kampuni ya ndege ya nauli nafuu, ilianza safari zake hapa nchini, Dar kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, na Dar kwenda Mwanza. Kuna watu wa Moshi waliopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu ya nauli zile. Vijana wengi waliiona kama ndiyo njia yenyewe ya kufikia Airbus. Desemba 2018 ikasimama. Haikumaliza hata miaka saba. Na wakati huohuo Air Tanzania, ambayo hadi kufikia 2016 ilikuwa hoi, imebaki na ndege moja tu ya kuruka, ndiyo iliyokuwa ikipokea ndege mpya za Q400, kisha Boeing 787 Julai 2018, kisha Airbus A220 Desemba ileile ambayo fastjet ilikuwa inazima. Mtu aliyekuwa na busara zote mwaka 2014 angekushauri utoke Air Tanzania uende fastjet, na miaka minne baadaye ushauri huo ungekuwa umekuacha bila kazi.

Ninasema haya kwa sababu nasikia vijana wakisema, "Kapteni, nataka kampuni salama," kana kwamba usalama ni mali ya jina lililoandikwa kwenye mkia wa ndege. Jet Airways ya India ilisimama Aprili 2019. Thomas Cook, jina ambalo Waingereza walilijua tangu karne ya kumi na tisa, ilianguka Septemba mwaka huohuo. Comair ya Afrika Kusini, iliyoruka zaidi ya miaka 70, ilifungwa 2022. Na hata shirika likiwa hai, ndege zenyewe zinaweza kulala chini. Zile A220 zetu zilikaa ardhini muda mrefu kwa matatizo ya injini yaliyotoka kwa mtengenezaji, matatizo yaliyozikumba A220 za mashirika mengine duniani pia. Rubani wa ndege iliyolala haongezi saa. Mkataba wake upo, lakini daftari lake la saa limesimama.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi mnalisikia mitandaoni kutoka kwa marubani wa Marekani na hamjaelezwa vizuri linavyofanya kazi. Kule mashirika makubwa yanaendeshwa kwa orodha ya ukongwe, wenyewe huiita sinioriti. Siku unayoajiriwa unapewa namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua utaruka ndege gani, utakuwa kapteni lini, Krismasi utakuwa nyumbani au hotelini. Kampuni ikipunguza watu, wanatoka kuanzia chini ya orodha kupanda juu. Ikiwarudisha, inaanza na aliyetoka mwisho. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kuna marubani walioachishwa wakasubiri kurudishwa zaidi ya miaka kumi. Na ukihama, hata kama una saa 15,000 na ulikuwa kapteni wa Boeing, unaanza chini kabisa, nyuma ya kijana uliyemfundisha wewe.

Mnataka kujua namba hiyo ina uzito gani? Mwaka 2005 US Airways na America West ziliungana. Ikabidi orodha mbili ziwe moja. Upande mmoja ulikuwa na marubani wa miaka mingi, wengine wao wako nyumbani wameachishwa; upande wa pili ulikuwa na vijana walioko kazini. Mwaka 2007 msuluhishi akatoa orodha yake, wale wakongwe wakaikataa, wakaunda chama kipya cha marubani, wakaenda mahakamani, na mgogoro ukadumu karibu miaka kumi. Watu wazima, marafiki wa zamani, hawasalimiani kwenye korido za viwanja kwa sababu ya nafasi kwenye orodha.

Kwetu hatuna mfumo mkali namna hiyo. Lakini msidhani kwamba tarehe yenu ya kuajiriwa haina maana. Kampuni za hapa zinapopunguza watu, kigezo kinachotajwa mara nyingi ni kwamba aliyeingia mwisho atoke kwanza. Kwa hiyo kila unapohama, unakuwa umejiweka mwenyewe mstari wa mbele wa kutolewa, kwa muda. Kama uliacha mwaka mmoja tu wa kazi, ulichopoteza ni kidogo. Kama uliacha miaka kumi na miwili, umepoteza kitu ambacho nyongeza ya mshahara ya asilimia 30 hailipi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wazee wenzangu wanaowaambia vijana wote "tulieni." Gharama ya kuhama inakua kila mwaka unaokaa. Mwenye miaka miwili kazini na mwenye miaka kumi na mbili hawapaswi kupewa ushauri mmoja. Kijana, kama utahama, hama mapema. Mkongwe, kama utahama, hama kwa sababu ambayo unaweza kumweleza mwenzi wako kwa sentensi moja na akaielewa.

Niseme nanyi wa Kisongo hasa, maana ndio wengi humu. Kazi yenu naiheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Uwanja uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, mawingu ya Meru yamekaa pembeni, abiria wamebeba mabegi laini ya kilo 15 na mmoja wao siku zote ana la kilo 22. Unashuka Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, mwezi Agosti, nyumbu wamevuka mto usiku, na unazunguka juu ukisubiri gari la kambi limalize kuwafukuza pundamilia kwenye kiwanja. Unashuka, unazima, unafungua mlango mwenyewe, unashusha mizigo mwenyewe, unawapa wageni mkono, unapakia wengine, na dakika chache baadaye uko angani kuelekea Seronera. Hakuna rubani msaidizi wa kukukumbusha kitu. Kapteni wa ndege kubwa ambaye hajapita huko hajui alichokikosa.

Lakini nisikilizeni. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinaruhusu rubani wa ndege za biashara kuruka hadi miaka 65 pale ambapo chumba kina marubani wawili. Akiwa peke yake, mwisho ni 60. Na anayebeba abiria peke yake, akishavuka 40, cheti chake cha afya kinakuwa cha miezi sita badala ya mwaka mzima. Maana yake, kwa kubaki kwenye Caravan ya rubani mmoja maisha yako yote, umekata miaka mitano ya kipato mwishoni, na kila miezi sita unaweka riziki yako mezani kwa daktari. Juu ya hapo, kampuni kubwa zinapoajiri zinaangalia saa za ndege za injini mbili na saa za kuruka na mwenzako. Nimekutana na vijana wenye saa 4,000 safi, zote za peke yao, wakapitwa na mwenye saa 1,500 aliyekuwa amekaa kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi, kwenye ATR, ndege ya injini mbili na marubani wawili.

Kwa hiyo kwenu nyinyi swali la kuhama lina jibu tofauti na la mwenzenu aliyeko tayari kwenye Q400 au A220. Ukipata nafasi ya kiti cha kulia kwenye ndege ya marubani wawili, hata kama mshahara ni uleule, hata kama umepungua kidogo, mimi ningekuambia nenda, tena usikae sana kufikiri. Ukipata nafasi ya kuhama Caravan kwenda Caravan nyingine kwa sababu kule wanaongeza dola 300 kwa mwezi, kaa. Umehamisha tarehe yako ya kuajiriwa na hujapata kitu kipya kwenye leseni.

Nirudi kwenye swali la kichwa cha mazungumzo haya. Mwaka 2020 ulitupa zawadi moja mbaya: ulionyesha tabia ya kila mwajiri. Mwezi Machi na Aprili mwaka ule, korona ilipoingia, dunia nzima ilisimamisha ndege. Emirates, ambayo kila kijana hapa ana picha yake kwenye simu, iliachisha marubani wengi. Kabla miaka miwili haijapita ilikuwa inazunguka nchi mbalimbali ikitafuta marubani wapya. Cathay Pacific ya Hong Kong ilifunga kampuni yake dada ya Cathay Dragon Oktoba 2020 na kuwawekea marubani waliobaki mikataba mipya ya malipo ya chini. Upande mwingine, United ya Marekani ilikubaliana na chama cha marubani wake kugawana saa za kuruka ili wasitolewe. Dhoruba ni ileile, kila mmoja akaonyesha moyo wake.

Hapa nchini nako nilikuwa kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Mwisho wa mwezi ratiba ilibandikwa ukutani kama kawaida, karatasi moja, majina kushoto, siku juu. Majina ya baadhi yetu hayakuwemo. Hakuna aliyeitwa ofisini. Kijana mmoja alisimama pale akaisoma kuanzia juu hadi chini mara mbili, kwa kidole, akidhani wamemruka kwa bahati mbaya. Alikuwa amefunga ndoa Februari. Kampuni hiyo leo inaajiri, na inalipa vizuri, na sina neno na wanaokwenda. Ninachosema ni kwamba mtu anayekwenda aende akijua.

Basi ukipata barua, mtafute rubani aliyekuwa kwenye kampuni hiyo mwaka 2020. Usimtafute aliyeajiriwa mwaka jana. Huyo bado ana furaha ya sare mpya. Mwulize: walipunguza mishahara ya wote, kuanzia wakubwa, au walitoa watu? Waliotolewa waliambiwa na nani, kwa njia gani? Malimbikizo yao walilipwa lini? Kazi iliporudi, waliitwa wao au waliajiriwa wapya wa bei nafuu? Majibu ya maswali hayo ni mkataba wako wa kweli.

Na mkataba wa karatasi nao usomeni. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na wahusika kabla. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na kinahesabiwa kwa miaka isiyozidi kumi. Zidisheni wenyewe: kwa kiwango hicho cha sheria, hata ukikaa miaka ishirini, ni siku 70. Tena za mshahara wa msingi. Marubani wengi sehemu kubwa ya kipato chetu ni posho za kuruka, na hizo hazimo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo mwenye barua mbili mkononi asiangalie jumla. Aangalie msingi ni kiasi gani. Na ukiona umeachishwa isivyo haki, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi wanakaa miezi mitatu wakisubiri kampuni ipige simu, wakienda wanakuta mlango umefungwa.

Halafu kuna bondi. Kampuni inakulipia mafunzo ya aina mpya ya ndege, wewe unaahidi kukaa miaka miwili au mitatu, ukitoka kabla unalipa. Hilo ni haki, maana mafunzo hayo ni ghali. Swali ni je, deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linabaki lote hadi siku ya mwisho? Na swali ambalo hakuna anayeuliza: wao wakinipunguza, deni linakuwaje? Nimeona mkataba ambao haukusema lolote juu ya hilo. Kijana alitolewa, kisha akapelekewa madai ya bondi. Kabla ya kusaini, sentensi hiyo iwepo kwa maandishi, kwamba kampuni ikivunja kazi kwa sababu zake, deni limekufa.

Wanaokwenda nje, hasa Uarabuni: kule kibali cha kuishi kimefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, nyumba ya kampuni imeisha, shule ya watoto imeisha, na mna muda mfupi wa kufunga mizigo. Na michango ya mwajiri wako NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, inasimama siku uliyoondoka. Pensheni inahitaji michango ya miezi 180. Kama umefikisha 140, fikiri kwa makini utaimaliziaje hiyo 40. Sisemi msiende. Waliokwenda wakarudi na saa za Boeing 777 ndio leo wanaofundisha wengine hapa nyumbani. Ila aende ambaye ameweka akiba ya miezi sita ya matumizi kabla ya kupanda ndege, maana nyongeza kubwa ya mshahara bila akiba ni kazi isiyo na ulinzi wowote.

Wazazi, naomba nami niseme nanyi kidogo. Sisi wa mlimani Kilimanjaro tunajua kihamba, shamba la ukoo, hakiuzwi. Lakini najua hati za nyumba za Moshi mjini na za Arusha zilizokaa benki ili mtoto akasome urubani Afrika Kusini au Kenya au Marekani. Nawapongeza kwa moyo wangu wote. Na ninajua deni lile linavyobana: kila mtoto anapotaja kampuni mpya, nyumbani swali la kwanza ni wanalipa ngapi. Nawaombeni muwape watoto nafasi. Mtoto wenu akichagua kiti cha kulia cha ATR chenye mshahara mdogo badala ya Caravan yenye mshahara mkubwa, anawalipa, ila anawalipa kwa njia ndefu. Zungumzeni na benki muongeze muda wa mkopo kabla hamjamsukuma mtoto ahame kwa ajili ya rejesho la mwezi ujao.

Nanyi wenzi wa marubani, msikubali kuletewa uamuzi uliokwisha kufanywa. Kuhama kampuni ni kuhama Arusha kwenda Dar, au Dar kwenda Doha. Ni bima ya afya ya mtoto kukatika kati ya mwajiri mmoja na mwingine, na hilo hutokea: ulizeni bima mpya inaanza tarehe gani, na kama mama ni mjamzito ulizeni mara mbili. Ulizeni pia kama kampuni ina bima ya kupoteza leseni. Rubani anaweza kuwa mzima wa kutembea na kula, na akawa hana moyo au macho ya kuruka. Siku hiyo kampuni yenye bima hiyo na isiyo nayo ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwenye barua ya ajira tofauti hiyo huwa mstari mmoja mdogo chini, au haipo.

Mtakaotoka, tokeni vizuri. Notisi wapeni mliowatumikia kama ilivyo kwenye mkataba, ratiba mliyopangiwa muimalize, deni la bondi mlilipe au mpange namna ya kulilipa. Marubani nchi hii tunajuana wote. Meneja utakayemwacha kwenye mataa Julai, katikati ya msimu, ndiye anayeweza kuwa anasoma maombi yako ya kazi miaka mitano ijayo, akiwa kwenye kampuni nyingine.

Nimeambiwa kuna kama wanne humu wenye barua mifukoni tayari. Nitakuwa pale kwenye meza ya chai hadi saa tatu usiku. Njooni nazo, na mje na mkataba mlionao sasa, tuzisome pamoja, tuanzie na ukurasa wa bondi. Asanteni sana.